Mafuta ya Kurudi

Kila nikisikia harufu ya mafuta ya taa, namkumbuka baba na ovaroli lake. Yeye na baba mdogo walikuwa mafundi wa ndege jeshini. Jioni moja, nyumbani kwetu Kikuyu, walibishana juu ya ndege ya kivita waliyoihudumia wakati wa vita.

"Hakuna iliyoifikia kwa kasi," alisema baba mdogo.

"Kasi ipo, lakini tangi dogo. Safari ile ya mwisho haikuwa na mafuta ya kurudi," alijibu baba.

Mikono ya shangazi, aliyekuwa akipeta mchele kando yao, iliganda kwenye ungo. Rubani wa safari hiyo alikuwa mumewe. Shangazi aliambiwa mumewe ametunguliwa na adui.

"Kaka, mlijua?"

Baba aliinamisha kichwa, akajifuta viganja kwenye ovaroli. Nilimwangalia kama mgeni. Shangazi hakukanyaga tena kwetu mpaka tulipomzika baba.