Abiria Niliowahesabu Pale Butere

Sijivunii mkasa huu, na ningekuwa na uwezo ningewasahaulisha watu, lakini mambo yenyewe yalitokea matangani mbele ya kijiji kizima, na mambo ya matangani hayasahauliki. Kila nikienda harusini huko kwetu lazima atokee mtu aniite Karani wa Treni, watu wacheke, nami nicheke nao kidogo huku naumia. Basi leo nasimulia mwenyewe, maana nimechoka kuusikia ukisimuliwa vibaya (kuna wanaosema eti niliiba maiti, jamani, sikuiba maiti).

Ilikuwa miaka ya tisini, katikati hapo, nikiwa kijana wa kupanga chumba kimoja Shirere, nimepata kibarua cha miezi sita katika ofisi moja mjini Kakamega ambayo sitaitaja, kazi yangu kuchora ramani na kubeba rula. Mkubwa wetu alikuwa Bwana Chituyi, mtu mpole wa miwani minene, aliyevaa tai hata Jumamosi, na alikuwa na ndoto yake moja. Treni ya kutoka Kisumu ilikuwa inaishia Butere, na ukishuka pale nawe unakuja Kakamega hospitalini, au posta, au sokoni, au kwenye ofisi za mkoa, basi shauri yako na miguu yako. Bwana Chituyi alitaka kuwe na basi la kuipokea treni, lipite barabara ya murram ya upande wa Iguhu, litokee Sigalagala, liingie mjini na kusimama kila mahali watu wanapopahitaji. Ile njia niliichora mimi kwa penseli nyekundu, vituo nikavizungushia duara za buluu, na niseme ukweli, niliipenda ile ramani kuliko kitu chochote nilichokuwa nacho (sikuwa na vingi). Bwana Chituyi akaniambia kazi hii ikienda sawa, nitaandikwa kazi ya kudumu. Nyumbani nilikuwa nimeshasema nimeandikwa.

Ikabaki hesabu tu. Nilitumwa Butere siku sita, Jumatatu mpaka Jumamosi, niketi stesheni nihesabu wanaoshuka na nimuulize kila mmoja anakwenda wapi. Siku sita! Mimi nilikwenda moja. Nilikwenda Ijumaa, nikapata lifti kwenye lori la miwa, mvua ikaninyeshea juu ya miwa, nikafika nimelowa mpaka kwenye karatasi, nikaketi kwenye benchi nikiapa kwamba sirudi tena huko, liwe liwalo. Hapo ndipo treni ilipoingia, ikamwaga watu. Nasema ikamwaga! Walitoka kwa milango, kwa madirisha, na mafurushi, na ngoma, na watoto mgongoni, wengi wao wamevaa kanzu nyeupe, nami nikawa napiga vijiti kwenye karatasi, vinne na cha kulala, vinne na cha kulala, mpaka karatasi ikajaa nikageuza nyuma. Walikuwa zaidi ya mia mbili. Sikumuuliza hata mmoja anakwenda wapi, kwa sababu walikuwa wengi, na kwa sababu nilikuwa na furaha, na mtu mwenye furaha haulizi maswali.

Zile siku tano zilizobaki nilizihesabia chumbani kwangu Shirere, nimeketi kitandani na chai. Lakini msinione mjinga, nilizitunga kwa akili. Sikuandika idadi moja siku zote, ingeonekana uongo. Jumatatu niliipa watu wengi, Jumatano wa wastani, na Jumanne nikaishusha kidogo, nikaandika pembeni kwamba siku hiyo watu wako mashambani. Bwana Chituyi aliposoma ripoti alivua miwani, akaipangusa, akaisoma tena. Akasema hii Jumanne ndiyo imemwonyesha kwamba mimi ni mtu wa kazi, maana kijana mwingine angejaza tu, mimi nimeandika nilichokiona. Nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu.

Mambo yakaenda mbio. Ripoti ikapanda kwa wakubwa, wakubwa wakakubali, likakodishwa basi kubwa (kwa idadi yangu gari dogo lingekuwa dharau), na uzinduzi ukapangwa Jumamosi. Ninyi watu wa kwetu mmeshaanza kutikisa kichwa. Ndiyo, Jumamosi. Huku kwetu Jumamosi ni siku ya kuzika, gari lolote lenye magurudumu manne lina mwenyewe, lakini ofisini Jumamosi ilikuwa siku ambayo madiwani wana nafasi, nami nani wa kuinua mkono.

Siku tatu kabla ya uzinduzi dhamiri ilinisukuma nikarudi Butere, nijihakikishie tu. Treni ilikuja, ikapumua, wakashuka watu kumi na mmoja. Nilihesabu mara mbili, na mara ya pili walikuwa wameanza kutawanyika. Nikaenda kwa mpagazi wa pale stesheni, mzee mmoja wa koti la kaki, nikamwuliza leo watu wamekwenda wapi. Akaniangalia.

"Hii ndiyo hukuwanga kila siku," akasema.

Nikamwambia hapana, Ijumaa ile ya mvua niliona mamia. Akasema ah, wale walikuwa watu wa kanisa, walikuwa na mkutano wao wa mwaka huko mbele, watarudi mwaka ujao Mungu akipenda.

Mtu mwenye busara angekwenda moja kwa moja kwa Bwana Chituyi akalia. Mimi nilikwenda kwa senje yangu. Senje Khavere, dada ya baba, alikuwa ameolewa katikati ya Butere na Iguhu, na alikuwa mwenyekiti wa kina mama wa kanisa lao, mwanamke ambaye akisema watu arobaini wasimame, arobaini wanasimama na wengine watano wanauliza kama nao pia wasimame. Nikamweleza shida yangu, si yote, kiasi. Nikasema nahitaji abiria Jumamosi, washuke kwenye treni wapande basi, na wakubwa wakiuliza waseme hiyo ndiyo safari yao ya kawaida. Nikamfungulia na ramani, nikitumaini ataisifu.

Senje aliiangalia ile ramani kwa muda mrefu, akafuata mstari mwekundu kwa kidole.

"Jumamosi sisi tuko na mazishi," akasema. "Na hiyo treni tutakuwa ndani, tukitoka Kisumu. Basi lako litapitia hapa?"

Nikasema litapita hapo hapo kwenye njia panda, na nitawashusha. Akasema vizuri, watapanda. Ile habari ya safari ya kawaida hakuijibu, alisema tu hayo tutaona. Nikashukuru, nikala obusuma, ugali wetu, na mboga, nikaondoka mwepesi. Sikuuliza ni mazishi ya nani. Sikuuliza kwa nini watu wenye mazishi huku watoke Kisumu siku hiyo hiyo ya kuzika. (Mimi na kuuliza, mmeshaona.)

Jumamosi tukafika Butere na basi letu limepambwa karatasi za rangi, mbele lina kitambaa kimeandikwa KARIBUNI ABIRIA WA TRENI. Ndani alikuwa Bwana Chituyi na tai mpya, madiwani wawili, na mchungaji wa kuliombea basi. Mimi nilikuwa nimeibandika ramani yangu kwenye ubao, nimeukumbatia. Treni ikaingia, milango ikafunguka, wakaanza kushuka kina mama wa Senje, arobaini na kitu, wamevaa sare na vitambaa kichwani, na Bwana Chituyi akanishika bega kwa nguvu. Nadhani ile ilikuwa dakika nzuri kuliko zote katika maisha yangu ya kazi. Ilikuwa dakika moja tu kweli, kwa sababu baadaye mlango wa behewa la mizigo ukafunguliwa, wanaume sita wakaingiza mabega, wakatoa jeneza.

Wimbo ukaanza. Kina mama wakatangulia kulielekea basi, jeneza likifuata, na mimi nikamkimbilia Senje nikamnong'oneza kwamba hatukusema hivi. Akaniambia, bila kuacha kuimba, kwamba hatukusema vinginevyo. Nikamwangalia dereva anisaidie. Dereva alikuwa ameshavua kofia na kufungua mlango wa nyuma. Maiti hakataliwi gari, hata mimi najua, na pale hakukuwa na mtu ambaye angesema neno, hata wale madiwani. Mmoja wao alikuwa tayari anashika upande wa jeneza kwa sababu kura ni kura. Likalazwa katikati ya viti, kichwa cha jeneza karibu na magoti ya Bwana Chituyi, ambaye alikunja miguu akaishikilia hivyo hivyo safari nzima. Vijana wakakata matawi wakayafunga juu ya karatasi zangu za rangi. Mchungaji akafunga ile sala ya basi, akafungua nyingine.

Tukaenda pole pole, taa zimewashwa. Waendesha baiskeli walishuka, wazee wakavua kofia, na yule diwani wa pili, kwa mazoea tu, akawa anawapungia mkono dirishani mpaka mwenzake akamshusha mkono. Njia panda ilifika, ikapita. Jeneza halishushwi njia panda. Tukaingia mpaka kwenye boma, basi likang'oa lango kidogo, ngoma za isukuti zikatupokea, na mwenye kuongoza shughuli alipowaona watu wenye tai wakishuka pamoja na marehemu, akawaletea viti vya mbele.

Na mtu mkubwa kwenye matanga lazima aseme. Zamu ya Bwana Chituyi ikafika, akasimama, maskini, mtu ambaye hakumjua marehemu wala jina. Akatoa pole. Kisha, kwa kuwa hakuwa na lingine la kusema, akaongea analolijua: akasema amefurahi kuona jinsi treni inavyotumiwa na wananchi, kwamba hata kijana wake Ingosi (akaninyooshea mkono, nami niko na ubao wangu) alihesabu kwa macho yake mamia ya abiria kama hawa kila siku. Watu wakaanza kunong'onezana. Nikamwona Senje Khavere anainuka, nikamwomba kwa macho aketi.

"Bwana mkubwa, tusamehe," akasema. "Mtu wetu amelala hapa mbele, siwezi kuacha uongo upite juu yake. Sisi hatupandangi treni kila siku. Leo tulikuwa tunaleta mwili. Huyu mtoto wa ndugu yangu ndiye alitufuata akatuomba tuonekane abiria."

Hakusema kwa ubaya, na hilo ndilo lililoniua. Kijiji kizima kiligeuka kuniangalia. Ukikumbatia ubao wenye ramani mbele ya watu mia tatu, jua huna pa kuuficha wala huwezi kuuweka chini.

Baada ya kuzika nilijificha nyuma ya jikoni, na huko ndiko mjane alikonikuta. Nilidhani atanifukuza. Akanipa sahani, akakaa kwenye kigogo karibu nami, akauliza kama ule mstari mwekundu ungepita kweli pale kwao. Nikasema ungepita.

"Mzee wangu alikuwa fundi Kisumu," akasema. "Kila mwisho wa mwezi alikuwa anashuka hapo Butere, anatembea masaa matatu mpaka hapa, na mzigo. Hata alipokuwa mgonjwa. Ungeketi pale siku zako zote, ungemwona."

Nilibaki nimeshika sahani mpaka ikapoa, na machozi yakanitoka, wala hayakuwa ya aibu.

Tuliporudi mjini basi lilikuwa tupu, matawi bado yako mbele, Bwana Chituyi akaketi kando yangu. Hakunigombeza. Tulipofika karibu na Sigalagala ndipo akafungua mdomo, akaniuliza kwa sauti ndogo:

"Na Jumanne?"

"Jumanne pia niliitunga," nikasema.

Akavua miwani. Kisha akauliza hasa wanashuka wangapi. Nikamwambia kumi na mmoja.

"Hao kumi na mmoja ungeniletea," akasema, "ningewatafutia gari dogo. Hilo ningeweza."

Kazi sikuandikwa, hilo mmelikisia, na mpango wenyewe ukatupwa kabatini, kwa sababu baada ya siku ile hakuna mkubwa aliyetaka kusikia neno Butere. Siku hizi nina duka la mbao, na wateja wangu hulalamika kwamba nina maswali mengi, mtu anataka mbao sita nami namwuliza za nini, unajenga wapi, nani ataishi humo. Wavumilie tu. Niliapa kwamba sitahesabu tena kitu bila kukiuliza kinakwenda wapi, na nimeapa kwa fundi mmoja wa Kisumu, ambaye basi langu lilimbeba mara moja tu, na siku hiyo hakuwa na haja ya kufika haraka.