Haya ya Ndani ya Bomba

Kazini walimwita Mvutaji, na kila mgeni aliyeletwa kiwandani alimwomba sigara. Hajawahi kuvuta hata moja maishani mwake! Anachovuta yeye ni mabomba ya titani, yale yanayokwenda kufungwa ndani ya ndege, na ukimwomba sigara anakujibu kwa upole kwamba anayo moja ndefu, kama una kiberiti cha kutosha. Ndio mzaha wake pekee. Ameurudia mpaka umechakaa, na watu bado wanaucheka kwa huruma tu.

Kazi yenyewe haina moto. Titani huvutwa baridi. Unalichukua bomba nene, unalibana ncha moja iwe nyembamba, unaichomeka kwenye tundu la chuma kigumu kuliko lenyewe. Upande wa pili wa tundu taya za chuma zinaikamata ile ncha, mnyororo unaziburuta taya, na bomba zima linapita litake lisitake. Linaingia nene, linatoka jembamba na refu. Kisha linapelekwa kwenye tanuri lisilo na hewa likalegee, linarudi, linavutwa tena kwenye tundu dogo zaidi, hadi ukuta wake ufikie kipimo bila kuzidi wala kupungua hata kwa unene wa unywele. Ila titani ina tabia mbaya, inang'ang'ania. Grisi ikipungua kidogo inaganda tunduni na bomba linapiga ukelele ambao, ndugu yangu, usiombe kuusikia. Wazoefu wenyewe wakiusikia wanaacha kuongea.

Mashine ni ndefu. Mtu wa tunduni anakaa mwisho huu, nyuma ya bati zito linalomkinga bomba likikatika. Mvutaji anakaa mwisho ule, kwenye wenzo wa kuendeshea mnyororo. Hawaonani. Kwa hiyo mafundi wa zamani walichukua bomba moja lililokataliwa kwenye ukaguzi, wakalifunga ubavuni mwa mashine toka mwisho hadi mwisho, wakawa wanasemezana humo. Wewe unaweka mdomo, mwenzako anaweka sikio. Lilifaa sana, isipokuwa kwa jambo moja. Sauti zote zikitoka upande wa pili huwa ni moja. Awe mwanamume, awe mwanamke, awe na mafua au na hasira, inatoka ile ile, nyembamba na baridi.

Zamani aliyekaa tunduni alikuwa kaka yake mkubwa, na neno lao la kazi lilikuwa "haya". Kaka akishaiingiza ncha ya bomba kwenye taya na kutoa mkono wake anasema haya, mdogo wake anavuta. Sasa niambie wewe unayesema Kiswahili kutwa kucha, haya ni neno la kuwekea roho ya mtu? Haya ni nenda. Haya ni nimesikia. Haya ni yaishe, haya ni kwaheri, na mama akishachoka na maneno yako anakwambia haya. Lakini ndivyo walivyozoea, na mazoea yana taabu.

Siku moja Mvutaji aliweka mdomo kwenye bomba akasema, "Kaka, ukitoka leo pitia kwangu tule pamoja."

Kaka akajibu, "Haya."

Mvutaji akavuta. Glavu ya kaka ilikuwa bado ndani ya taya, na mkono ulikuwa ndani ya glavu.

Sisemi zaidi. Mnyororo ule hauna masikio, na alipokuja kuusimamisha mambo yalikuwa yamekwisha. Uchunguzi ukasema ni ajali, ukoo ukasema ni ajali, Mvutaji peke yake ndiye asiyesema hivyo. Marehemu aliacha binti mmoja, bado mwanafunzi, ambaye mama yake alikwishatangulia. Akahamia kwa baba yake mdogo. Akala pale, akakua pale, na binti huyo jambo lile hakulitaja hata siku moja. Utasema hiyo ni heri. Haya jaribu wewe kukaa na mtu anayekupakulia chakula kila siku na hakuulizi!

Kiwandani neno likapigwa marufuku. Tangu hapo ni "vuta" tu. Msimamizi wao, waliyempachika jina la Fasta, alifunga taa ya kijani ya kuashiria, mtikisiko ukaiua. Akafunga nyingine, ikafa. Watu wakarudi kwenye bomba lao. Lakini haya haikusemwa tena kwenye mashine ile, na ikimponyoka mtu alijiziba mdomo mwenyewe.

Binti alipomaliza mafunzo ya ufundi akaomba kazi pale pale. Kama hiyo haitoshi, akaomba kukaa tunduni. Mvutaji alimwendea Fasta akamsihi amweke kwenye ukaguzi, amweke tanurini, popote. Fasta akasema mtu mzima ameomba mwenyewe na mikono yake ni mitulivu, amzuie kwa lipi? Nyumbani Mvutaji akamkabili binti.

"Mama, kazi zote hizo hukuziona?"

"Nataka kuona baba alichokuwa anakiona akikaa pale, baba mdogo."

"Alikuwa anaona bati tu."

"Basi nitaliona hilo bati."

Toka siku hiyo Mvutaji akawa na hofu moja iliyomla usingizi na chakula. Asije akamuua na huyu. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, naye hakuona ung'ongo, alimwona nyoka yule yule amekaa mahali pale pale. Kila akisikia "vuta" anauliza, "Umetoa mkono?" Binti anajibu, "Nimetoa." Anauliza tena. Kazi ikawa ya kobe, Fasta akawa anapiga kelele, Mvutaji akawa hamsikii.

Halafu ikaanza. Ilikuwa asubuhi nyeupe, mashine imezimwa, wanasubiri mabomba ya tanuri yapoe. Mvutaji alikuwa ameegemeza sikio kwenye bomba kwa mazoea tu. Likasema, "Haya."

Lilisema polepole, kama mtu anayekubali jambo. Mvutaji akainua kichwa amkemee binti kwa kulitamka neno lile, akamwona binti anapita mbele yake na ndoo ya grisi, anaelekea stoo. Alitoka mbio hadi tunduni. Hakukuwa na mtu. Kiti kitupu, bati, na glavu zake mbili juu ya kiti.

Ikaja tena siku nyingine, na nyingine, kila mara mashine ikiwa kimya. Alimweleza Fasta, akaambiwa ni upepo wa mapangaboi, bomba tupu lazima livume. "Litoe," Mvutaji akasema. "Nikilitoa mtasemezana vipi, kwa njiwa?" Fasta akacheka. Lo, watu wana raha! Na mtu hawezi kusema mbele ya mafundi wenzake kwamba upepo unatamka.

Kilichomtia baridi zaidi alikifikiria akiwa ananawa mikono baada ya kazi. Wote pale wanaijua sheria mpya. Wote wanasema vuta. Anayesema haya ni mtu asiyeijua, maana aliondoka kabla haijatungwa.

Basi siku yenyewe walikuwa kwenye mvuto wa mwisho, bomba jembamba, tundu dogo kuliko yote. Mvutaji akavuta, bomba likaenda kidogo, likapiga ule ukelele. Akarudisha wenzo haraka. Sauti ikamfikia, "Ngoja, limeng'ang'ania. Nasafisha." Huyo alikuwa binti, hapana shaka, ndiye aliyekuwa tunduni. Mvutaji akakaa na sikio pale pale. Kukawa kimya. Na ndani ya kimya kile alisikia pumzi, na pumzi ile ilikuwa karibu, haikuwa ya mwisho wa mashine. Ilikuwa katikati.

Hakujua amepata wapi ujasiri. Aliweka mdomo kwenye bomba akasema, "Kaka. Ni wewe? Mimi nimechoka. Umenisamehe au hujanisamehe?"

Akahamisha sikio.

"Haya," bomba likasema.

Sasa sikia balaa la mazoea. Kabla moyo haujafurahi, mkono wake wa kulia ulikwishaenda wenyewe kwenye wenzo. Miaka mingi ya haya ilikuwa bado imo mkononi. Wenzo ukasogea, mnyororo ukaanza kukaza pingili zake, naye akapiga yowe akaurudisha kwa mikono yote miwili. Akakimbia ubavuni mwa mashine hadi nyuma ya bati.

Binti alikuwa ameinama, mkono wake umo ndani ya taya hadi kwenye kifundo, kitambaa kati ya vidole. Alikuwa anautazama mnyororo. Ameuona ukikaza.

"Toa!" Mvutaji akasema. "Toa mkono, mama, toa."

Akautoa polepole. Ulikuwa mzima.

"Umesema haya?" Mvutaji akauliza.

"Sijafungua mdomo, baba mdogo. Ila nilivyoinama sikio langu lilikuwa kwenye bomba. Nimekusikia ukiuliza, na nimemsikia aliyejibu."

Mvutaji akakaa chini kwenye sakafu yenye grisi. "Haya ipi?" akasema. "Ya kukubali, au ya kuvuta?"

"Sijui. Lakini mkono wangu ulikuwa ndani, na yeye yuko humo, alikuwa anauona. Baba asingekwambia uvute."

Hapo Mvutaji alilia. Alilia kwa sauti, mtu mzima, mafundi wakasimama mbali, naye Fasta akasahau kupiga kelele. Binti akamwacha alie mpaka achoke. Kisha akachuchumaa mbele yake wakawa uso kwa uso.

"Swali lile ulimuuliza baba," akasema. "Mimi hujaniuliza. Tangu niko mtoto nasubiri uniulize."

Mvutaji akafuta uso kwa mkono wa shati. Akamuuliza, kwa maneno yale yale, bila bomba.

Binti alimtazama sana. Macho yakamjaa maji, akatikisa kichwa.

"Bado, baba mdogo," akasema. "Nimejaribu. Bado."

Akasimama, akapaka grisi mpya tunduni, akavaa glavu zake. Mvutaji alikuwa anaondoka zake, anaelekea mlangoni, si kwenye wenzo. Binti akamwita.

"Unakwenda wapi? Asiushike mtu mwingine huo wenzo. Ushike wewe."