Nilimfokea mlinzi wa makumbusho mbele ya dinosaria wa Lindi, kumbe ni mtani wa Bibi

Wakuu, poleni na majukumu. Naandika nikiwa na hasira robo na kicheko robo tatu. Sijaongeza chumvi.

"We kaka, muombe radhi bibi yangu sasa hivi."

Huyo ni mie, Jumamosi, katikati ya ukumbi wa makumbusho (jina naliacha). Mtoto mgongoni, Bibi nimemshika mkono, watu wote wamegeuka. Na mlinzi mbele yangu anachekacheka tu.

Ilikuwa hivi.

Bibi yangu ni Mmwera wa Lindi, yuko kwangu Mbagala kwa ajili ya operesheni ya macho. Yule dinosaria mkubwa aliyechimbwa kwao enzi za Mjerumani, babu yake Bibi alikuwa mmoja wa wapagazi. Mifupa waliibeba mabegani, kwa miguu, kutoka porini mpaka bandarini.

Bibi anasema mzee alikuwaga na sugu begani, gumu kama kisigino. Wajukuu walikuwa wanagombania kulishika.

Kwa hiyo bandeji zilipotolewa, nikasikia kuna maonyesho maalumu yenye mfano wa dinosaria huyo (mifupa yenyewe bado iko kwa Mjerumani), nikasema macho mapya lazima yaanzie hapo.

Getini nikarudishwa niache chupa ya uji wa mtoto. Nikameza.
Ndani hakuna hata kiti kimoja kwa mzee. Nikameza tena.

Ndipo huyu mlinzi akamuuliza Bibi ni mwenyeji wa wapi. Bibi akajibu.

"Ahaa, Wamwera. Nyie ndio mliombebea Mjerumani mzigo mpaka melini. Leo mnalipa kiingilio kuangalia mfano wa mlichokibeba wenyewe."

Hapo sikumeza. Nikawasha moto, wakuu, nusu nimvue kofia.

Bibi akanivuta khanga. Nageuka, anacheka mpaka machozi, na daktari kamkataza kutoa machozi.

"Mwache, mwanangu. Huyo Mngoni. Soma kifuani, si kaandikwa Komba?" Kisha akamgeukia: "Na nyie babu zenu walikuwa wapi? Kuiba mbuzi wetu mliweza. Mlipoona mzigo mkaingia mitini."

Komba akapiga magoti palepale, "Shikamoo bibi, mtani wangu."

Kwa wasiojua kama mie niliyezaliwa Temeke: Wangoni na Wamwera ni watani. Mtani anakusema hata msibani na huruhusiwi kununa. Nilitamani sakafu ipasuke.

Bibi akamtoza faini ya kiti. Komba akapotea, akarudi na kiti cha bosi wake, kile cha magurudumu! Akamsukuma Bibi kumzunguka dinosaria mzima kama bibi harusi, huku wanasemana njia nzima. Mtoto wangu mgongoni anapiga makofi.

Wanafunzi waliokuwa kwenye ziara wakamwacha mwalimu wao, wakamfuata Bibi. Akawahadithia jinsi mfupa mmoja ulivyobebwa na wanaume kwa zamu, na lile sugu. Sijawahi kumuona anang'aa vile.

Kisha binti mmoja akauliza jina la babu limeandikwa wapi.

Watoto wakatawanyika kulitafuta, kibao kwa kibao. Majina ya Wajerumani yapo, tena na picha. Ya wapagazi hakuna. Hata neno "wapagazi" hakuna.

Bibi akasema taratibu, "Labda wameandika kwa herufi ndogo. Macho yangu bado."

Wakuu, hilo ndilo liliniuma kuliko yote.

Nikaenda mapokezi kulalamika. Dada wa pale akaniambia daftari la wageni ni la kuandika ulivyofurahi. Komba akaninong'oneza: "Andika barua. Barua hawawezi kuikataa. Na nakala yako igongwe muhuri."

Nilichojifunza: ukiwa na mzee, muulize kwanza kabla hujafoka. Ila usiache kufoka. Peleka panapostahili.

Wenye wazee wa Lindi, mmewahi kusikia majina ya wapagazi nyumbani kwenu? Yaandikeni hapo chini, nitayapeleka. Na watani mnakaribishwa, leo sinuni.

Barua hii hapa, imepokelewa Jumatatu, muhuri ninao:

*YAH: MALALAMIKO KUHUSU WAPAGAZI KUTOTAJWA KWENYE MAONYESHO YA DINOSARIA*

*Husika na kichwa cha habari hapo juu.*

*Sisi ni mjukuu wa mpagazi na mjukuu wake, tulitembelea maonyesho yenu siku ya Jumamosi. Tumesoma vibao vyote. Waliochimbisha wametajwa, waliobeba hawakutajwa.*

*Tunaomba kiongezwe kibao kinachosema kwamba mifupa ya dinosaria huyu ilibebwa mabegani na wenyeji wa Lindi, na kwamba mmoja wao aliitwa Selemani Nandonde. Majina mengine tunaendelea kuyakusanya.*

*Herufi ziwe kubwa.*

*Nafasi ukutani ipo, upande wa kushoto wa mguu wa nyuma. Bibi ameipima kwa mkono wake: dhiraa mbili.*