Fundi na Pini za Mdomoni

"Miaka ishirini na saba naweka pini mdomoni, na haijanichoma hata moja!" Fundi alitamba hivyo kwenye sherehe ya chama cha mafundi cherehani, tena kwa kipaza sauti, na watu wakampigia makofi kana kwamba ametoka mwezini.

Mwaka huu akapatikana na saratani ya titi. Dripu tatu za dawa zilishapita. Ya nne ilikuwa Alhamisi. Jumatatu muuguzi akamsomea majibu ya damu: chembe nyeupe zimeshuka mno.

"Askari wako wote wamekwenda likizo, mama. Wasiporudi, Alhamisi hakuna dawa. Kaa mbali na wenye mafua, na usijikate mikono. Ukipata homa usimeze vidonge vya kuituliza. Njoo hapa saa hiyo hiyo."

Fundi akaitikia kama mtoto wa chekechea. Mikono aliilinda kweli, hata mkasi akaushika kwa glavu. Mdomo haukutajwa. Nani angefikiria kumuuliza mtu mzima kama anatafuna vyuma?

Jumanne, pini sita zikiwa katikati ya meno, vumbi la kitambaa likampigisha chafya. Moja ikazama kwenye ufizi. Akasukutua kwa maji ya chumvi, akaendelea na pindo la sketi.

Jumatano mchana wifi yake alimkuta kwenye cherehani, kajikunyata.

"Wifi, hilo sweta unalivaa au unalitangazia biashara?"

"Kaubaridi tu."

"Kaubaridi, na mimi jasho linanitiririka?" Akamgusa shingo. "Mama wee, unaungua!"

"Nimeshameza vidonge viwili. Nyamaza basi, wifi yangu. Wakijua, kesho wataninyima dawa."

"Kesho ipi, na leo unajipika mzimamzima?"

Akaita teksi, akampakia yeye na sweta lake. Daktari akatafuta kidonda vidoleni, akakosa, mpaka fundi mwenyewe akafunua mdomo kwa aibu. Ufizi ulikuwa umevimba.

"Vidonge vimeficha homa tu," daktari akasema. "Wadudu wameshaingia kwenye damu, na hakuna wa kuwazuia. Mngengoja asubuhi, tungekuwa tunaongea mengine."

Alhamisi ikapita fundi akiwa wodini, dripu ya kuua wadudu mkononi, uso kaugeuzia ukuta, analia bila sauti. Wifi akakaa naye, kwa mara ya kwanza hana utani wowote.

Siku ya tano homa ikakata. Chembe zikapanda taratibu, na Alhamisi iliyofuata dawa ya nne ikaingia.

Wakirudi nyumbani, wifi alisimamisha teksi kwenye duka la vifaa vya ushonaji. Akamnunulia kimto cha kuchomekea pini, cha kuvaa mkononi: shilingi elfu mbili tu.