Mahali Ng'ombe Walipoinama

Nimepanga Embulbul, nikapanga Isinya, hata Kona Baridi nimelala miaka miwili, lakini nikichoka huwa narudi Kitengela kwa dada yangu. Mara hii nilimkuta ameketi kwenye ngazi, viatu mkononi. Duka lake la sare za shule liko usawa wa barabara. Karakana ya kushonea iko chini yake, ndani ya ardhi. Mvua ilikuwa imeijaza karakana hadi darini, mashine zote sita zikiwa humo.

Maji yalipovutwa na pampu, mkadiriaji wa bima alikuja amevaa gamboti mpya. Alipiga picha za duka. Kule chini alizipita mashine kana kwamba hazipo.

"Na hizi?" dada akauliza.

"Mama, bima yako inaanzia barabarani kwenda juu. Vitu vya chini ya ardhi haviko."

"Kwa hivyo nimekatia bima pale pakavu."

Mkadiriaji hakucheka. Alituonyesha kifungu chenyewe, na sahihi ya dada chini yake.

Fundi alifufua mashine mbili tu. Jua lilikuwa limerudi, vumbi pia, ila ukuta wa karakana uliendelea kutoa jasho. Dada alisema atashonea humo humo, kwani dukani hapana nafasi.

Tulikuwa tumebeba mashine ya kwanza, tukianza kuteremka, kundi la ng'ombe lilipopita barabarani na kusimama. Mmoja akashuka hadi mlangoni pa karakana, akainamisha kichwa kwenye saruji kavu. Koo lake likaanza kupanda na kushuka, kama anayemeza. Wengine wakajipanga nyuma yake.

Mchungaji, tuliyesoma naye Isinya, alipiga mluzi mpaka akachoka.

"Zamani hapa kulikuwa na kijito," akasema. "Baba yangu alikuwa analeta ng'ombe kunywa hapa, kabla wajaze mawe wajenge."

"Basi wanakumbuka," nikasema.

"Wakumbuke nini? Hawa wote wamezaliwa hii nyumba ikiwa hapa."

Dada alitazama lile koo kwa muda.

"Geuka," akaniambia. "Shika vizuri. Tunarudi juu."

Tuliibana mashine kati ya sare, hata mteja asingeweza kupita. Kutoka pale bado tuliwasikia wakinywa.