Herufi za Bati

Miaka ile ya hamsini nilikuwa na karakana ya kuchora maandishi pale Baraka, chumba kimoja chenye mlango unaotazama ziwa. Vibao vya maduka, majina ya mashua, misalaba ya makaburini, vyote vilipita kwenye burashi yangu, nami nilijiona fundi asiye na mfano. Kisha ofisi moja ya Fizi ikaleta mashine ya kutoa nakala. Matangazo niliyozoea kuyaandika wiki nzima, yenyewe iliyatoa asubuhi moja tu, tena yakifanana kabisa. Nilisimama nikaitazama ikizungushwa kwa mkono, na wivu ukanishika, wivu wa kweli.

Niliporudi Baraka nikapasua makopo ya mafuta, nikakata herufi kwenye bati. Unaliweka bati juu ya ubao, unapaka rangi, umemaliza. Wavuvi walizipenda mno. Kila mmoja alitaka herufi zilizonyooka kama za kwenye masanduku ya meli, basi nikafuta kwenye mashua zao mikia na mapambo yote niliyowahi kuyachora kwa mkono, nikaandika upya kwa rangi nyeupe. Nilikuwa napita ufukoni nikijisifu peke yangu.

Mama mdogo, yule anayemfuata mama yangu kwa kuzaliwa, aliolewa na mvuvi. Hakuwahi kukaa darasani. Mashua ya mumewe alikuwa akiitambua kwa umbo la herufi nilizoichorea zamani, kama unavyomtambua mtu kwa mwendo wake. Wanawake wengi pale walikuwa hivyo hivyo. Sikulijua hilo kwa sababu sikuwahi kuuliza.

Asubuhi moja, baada ya dhoruba kali, tulikusanyika ufukoni. Mashua ya kwanza ilipotokea, mama mdogo alipiga vigelegele, akaingia majini mpaka kiunoni, akaishika akiamini ndiyo ya mumewe.

"Njo hii! Bwana yangu amerudia!"

Waliokuwa ndani ni wanaume wengine, nao wakainamisha vichwa. Ikaja ya pili, akaikimbilia tena. Nilimpigia kelele kwamba siyo, lakini mawimbi yalinizidi. Aliishika, akatazama nyuso moja moja, akaiachia.

Ya tatu ilikuwa yake. Nililisoma jina lake ingali mbali, nikamkimbilia. "Mama mudogo, ni yeye!"

Alikuwa amekaa mchangani, amelipa ziwa mgongo, nguo amejifunika kichwani kama mfiwa. "Wacha kunidanganya," akasema, wala hakugeuka.

Mumewe alishuka akaja mpaka pale, maji yakimtiririka, akamgusa bega. Mama mdogo alipiga yowe, akamsukuma kama mzimu, kisha akamng'ang'ania akilia. Watu walicheka kwa furaha. Mimi niliona aibu, nikashindwa hata kumpa mumewe mkono.

Jioni nilikwenda kwao. Nikamwambia mama mdogo waziwazi kwamba kosa ni langu, nimezipa mashua zote sura moja, na kesho nitaifuta ile yao niiandike kwa mkono. Alinivutia kiti, akanipakulia samaki, akanitazama kwa huruma, mimi niliyestahili kufukuzwa.

"Hapana, mwana wangu. Maandiko yako iko muzuri sana. Mi njo mujinga. Unifundishe kusoma, bwana yangu asikufe tena mu macho yangu."