Picha Yenye Pini

Mke wangu alikuwa fundi cherehani. Pini zake alizichomeka kwenye nguo, kifuani upande wa kushoto, mkono uzipate bila macho kuhangaika. Wateja walimwita Mama Pini. Mimi nilichomwa mara nyingi nikimkumbatia.

"Si ukae mbali," ananiambia.

Sikukaa.

Alipoanza kukohoa tulikwenda hospitali kupiga picha ya kifua. Mpiga picha akamwambia avue kila kitu cha chuma. Akavua. Picha ikatoka na pini.

"Mama, hii nini tena?"

"Eh! Imejificha kwenye sidiria. Hiyo imepinda shingo, inanifaa kwenye kola. Siitupi."

"Umeniharibia picha."

"Basi nipe mimi mwenyewe. Mbona nimetoka vizuri?"

Wakacheka. Akapigwa nyingine. Ile ya pini akaja nayo nyumbani. Mapafu yalimwondoa kabla ya mvua. Picha niliifunga kwa kitambaa alichokiacha bila pindo, nikaiweka nyuma ya kabati.

Juzi akaja daktari mwanamke, mpole mno. Mtu mpole namna ile ana jambo. Anaitaka ile picha. Anasema wanafundisha kompyuta kusoma picha za vifua. Mpiga picha amemkumbuka Mama Pini, akamtajia.

"Si mnayo nyingine huko," nikasema.

"Tunayo, mzee, ila ile safi. Zenye vyuma tulikuwa tunatupa. Sasa kompyuta ikikutana na chuma inababaika. Niachie siku mbili tu, nitairudisha."

"Mnaficha nini?"

Binti yangu akanikanyaga mguu. "Baba, jamani! Mpe tu."

"Wewe nyamaza. Wakiniletea kifua cha mtu mwingine nitajuaje?"

Daktari hakukasirika. Hilo nalo likanitia shaka. Akasema, "Basi twende wote."

Nikaenda na binti, picha chini ya koti. Chumba kidogo, feni inalia, kompyuta mbili mezani. Akaiweka kwenye mashine ya kunakili. Kona moja sikuiachia.

"Mzee, mfuniko haufungi."

"Usifunge."

"Bila kufunga haitoki."

Nikaachia kona. Nikaweka kiganja juu ya mfuniko, mpaka ilipomaliza.

Kifua chake kikatokea kwenye kioo. Kompyuta ikachora duara jekundu. Ikaizungushia pini.

"Inasema ugonjwa ni huo," daktari akasema.

"Na wenyewe uko wapi?"

Akaonyesha chini, upande wa pili. Kivuli chepesi, kama chaki ya fundi iliyopanguswa kwenye kitambaa. Pale kompyuta haikuchora kitu.

"Ndiyo maana tunaihitaji," akasema.

"Jina lake?"

"Tumelifuta."

"Nionyeshe."

Akanionyesha. Penye jina palikuwa peusi tupu. Nikatazama tena.

"Haya, ifundisheni," nikasema. "Lakini mimi siiamini."

"Hata mimi bado, mzee."

Nikachukua picha yangu. Njiani binti akataka kunibebea, nikakataa.

Nyumbani nimeiinua dirishani penye mwanga. Nimeanza kushoto, kifuani. Pini ipo. Shingo imepinda.

Ni yeye.

Nimeifunga kwenye kitambaa chake. Kesho nitaitazama tena.